Forodha isiwe mtego wa wasiojua

Mipaka ya nchi zetu ilichorwa kwa kalamu na watu walioishi mbali sana na mito, malisho na masoko waliyoyagawa. Ndiyo sababu hadi leo kuna mama wa Busia ambaye nyumba yake iko upande huu, na soko lake la maharagwe liko upande wa pili. Kuna mfugaji wa Kimasai wa Namanga mwenye ng'ombe Kenya na ndugu Tanzania. Kuna Mdigo wa Lunga Lunga ambaye arusi ya binamu yake kule Horohoro humlazimu kuvuka na zawadi mkononi. Watu hawa huvuka mpaka kama wengine wanavyovuka barabara. Hata hivyo, pindi wanaporejea na kikapu kilichojaa, hukutana na sheria ambayo hawakupata kufunzwa na yeyote, si nyumbani wala shuleni.

Sheria hiyo ni ya forodha. Leo ningependa tuitazame kwa utulivu, hasa sisi walimu na wanafunzi, kwa kuwa naamini kwamba wengi wa wanaonyang'anywa mali mpakani si wahalifu. Ni watu wanaojibu swali ambalo hawakuulizwa. Wao hudhani kwamba forodha huuliza, "Umenunua wapi?" Kumbe maswali yenyewe ni matatu, na yote ni mengine kabisa: kitu hiki kina asili gani, kina thamani gani, na unakwenda kukifanyia nini? Asiyeyajua maswali haya matatu huwa kama mtahiniwa aliyepewa karatasi ya somo asilolisoma.

Kabla ya kuyachambua maswali hayo, yafaa tukumbuke kwamba ushuru wa forodha si jambo geni katika Afrika Mashariki. Neno lenyewe, forodha, lina umri mkubwa katika lugha yetu, na pale Unguja bustani ya Forodhani imebeba jina hilo hata leo. Mnamo mwaka wa 1833, Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoshushwa bandarini. Katika enzi ya ukoloni, Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka wa 1917, na Tanganyika ikajiunga nazo katika miaka ya 1920. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilirithi mpango huo, lakini ilivunjika mwaka wa 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka wa 1983. Waliokuwa watu wazima nyakati hizo hawajasahau taabu iliyozipata familia zilizotenganishwa.

Jumuiya tuliyo nayo sasa ilizaliwa na mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005, na Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Tangu hapo wanasiasa wetu wamesimama katika majukwaa mengi na kutangaza kwamba ushuru umeondolewa baina ya nchi wanachama. Hawakusema uongo, ila walisema nusu ya kweli. Nusu iliyosalia ndiyo inayowatia wanyonge mashakani.

Hapa ndipo linapoingia swali la kwanza, yaani asili. Ushuru uliofutwa ni ule wa bidhaa zilizozalishwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya kwa kufuata kanuni zilizowekwa. Haukufutwa ushuru wa kila kitu kinachouzwa ndani ya Jumuiya. Maharagwe yaliyolimwa Mbale ni ya Uganda. Redio iliyoundwa Uchina na kuuzwa katika duka la Mbale haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu ya kupumzika rafuni huko. Inapovushwa kuja Kenya huhesabiwa kuwa bidhaa ya kutoka nje, na yaweza kutozwa ushuru hata kama mwenye duka alikwisha kuilipia alipoiingiza nchini mwake.

Niliwahi kulishuhudia jambo hili kwa macho yangu katika kituo kimoja cha mpakani ambacho sina haja ya kukitaja. Mbele yangu katika foleni alikuwapo mama mmoja wa makamo. Alikuwa na gunia la maharagwe, mkungu wa ndizi mbichi na majora mawili ya kitenge. Afisa, kijana mtanashati, aliyatazama maharagwe na ndizi akaridhika. Alipofika kwenye kitenge akasimama.

"Mama, hiki kitalipiwa," akasema.

"Mwanangu, mbona vyote nimevinunua soko moja, saa moja, upande ule ule?" mama akauliza kwa mshangao. "Maharagwe yapite, nguo izuiwe?"

Kijana alimwonyesha maandishi madogo ukingoni mwa kitambaa, yaliyotaja nchi ya mbali huko Asia. Mama hakuyaelewa, kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza. Kisha akaelekezwa kwenye tangazo kubwa ukutani, nalo lilikuwa la Kiingereza pia. Sikuona ukali wala dharau kwa yule afisa, na alilosema kuhusu kitenge lilikuwa sahihi. Lakini mama aliondoka akiamini kwamba ameonewa, na jirani yake katika foleni alimnong'oneza kwamba siku nyingine apitie kwa vijana wa baiskeli. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi njia ya panya inavyochimbwa. Haianzi porini. Huanzia kwenye dirisha la afisa, pale maelezo yanapokosekana.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mfanyabiashara mdogo amewekewa njia rahisi ambayo hakuambiwa. Katika mpango wa biashara ndogo za mpakani, mtu mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani anaweza kupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani, maadamu bidhaa zake zimo katika orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Kwa cheti hicho hatozwi ushuru wa forodha. Haimpasi kusafiri hadi mji mkuu kutafuta hati. Lau mpango huu ungejulikana sokoni kama unavyojulikana katika semina za mahoteli, wangapi wangejihatarisha usiku wa manane mtoni?

Hata hivyo, cheti cha asili hakiondoi kila kikwazo. Mimea, nafaka, nyama na mifugo huhitaji pia idhini ya wakaguzi wa afya, kwani wadudu na maradhi havitambui udugu wa Jumuiya. Tutakumbuka kwamba Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Malori yaliyokwisha kupakiwa yalikwama. Mkulima aliyejua ushuru peke yake, asijue habari ya ukaguzi, alibaki ameduwaa kando ya barabara.

Swali la pili ni la thamani. Kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, nchi wanachama hutumia viwango vya pamoja. Kwa jumla, malighafi na mitambo ya kuzalishia mali huwekwa katika asilimia 0, bidhaa ambazo hazijakamilika katika asilimia 10, na zile zilizokamilika katika asilimia 25. Tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Zipo pia bidhaa chache, sukari ikiwa mojawapo, ambazo hutozwa zaidi ya hapo ili kuwakinga wakulima na viwanda vya nyumbani.

Ushuru huo hauhesabiwi kwa bei ya dukani pekee. Hujumlishwa pia nauli ya mzigo na bima. Tuseme mtu amenunua Dubai bidhaa iliyokamilika kwa shilingi 80,000, na usafiri pamoja na bima ukagharimu shilingi 20,000. Thamani ya forodha ni shilingi 100,000. Asilimia 25 ni shilingi 25,000. Kisha huja ushuru wa ziada ya thamani, ambao nchini Kenya ni asilimia 16, nao hutozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru wa kwanza, yaani shilingi 125,000. Hizo ni shilingi 20,000 nyingine. Kwa hivyo mwenye mali atalipa shilingi 45,000 kabla ya ada nyinginezo. Msafiri asiyeifanya hesabu hii kabla ya kununua huifanya akiwa mbele ya afisa, tena kwa machozi.

Ndipo tunapofika kwenye swali la tatu, ambalo ni la matumizi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka wa 2004 humtambua msafiri kuwa si mfanyabiashara. Nguo zake na vyombo vyake vya kujitumia havitozwi ushuru. Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi huruhusiwa kuingia na lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, gramu 250 za tumbaku, na nusu lita ya manukato ya aina zote, ambayo marashi makali kati yake hayazidi robo lita. Aliye chini ya umri huo hana ruhusa hiyo, hata kama mzazi wake anadai kwamba chupa ya pili ni ya mtoto.

Kuhusu vitu vingine vilivyonunuliwa safarini, sheria huweka kikomo cha thamani. Novemba 2023, Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru nchini ilipowakumbusha wasafiri kwamba kikomo kilichokuwapo ni dola 500 kwa mtu aliyekuwa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24, pakazuka zogo kubwa. Watu walilalamika kwamba mikoba yao inapekuliwa uwanjani kama ya wezi, na serikali ikaahidi kutafuta nyongeza ya kiwango hicho. Lililonishangaza mimi halikuwa kiwango. Nilishangaa kwamba kanuni iliyokuwa katika vitabu kwa miaka mingi ilipokewa na wasomi wetu kana kwamba imetungwa usiku uliotangulia. Ikiwa mwenye shahada anayepanda ndege hakuijua, seuze mama wa gunia? Na tuangalie sharti lile la saa 24. Lilimfaa mtalii aliyekwenda Dubai kwa wiki moja. Mkazi wa mpakani anayekwenda asubuhi na kurudi jioni halikumfaa hata kidogo.

Yapo pia mambo ambayo ushuru hauyahalalishi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mtu anaweza kulipia mali yake kwa uaminifu, kisha akaingia matatani kwa sababu ya mfuko aliofungiwa dukani. Vivyo hivyo, anayebeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine, hana budi kuzitangaza. Hakatazwi kuwa nazo. Akizificha, ndipo anapojitia hatiani.

Najua kwamba wapo watakaoniambia, "Mwalimu, waachie maskini. Gunia moja la mama litaiangusha hazina ya taifa?" Hoja hii ina huruma ndani yake, nami siipuuzi. Lakini haitazami mbali. Ushuru hugharimia dawa na madawati, na pia humkinga fundi wa Kariobangi na mkulima wa miwa wa Mumias dhidi ya bidhaa za bei ya kutupa. Fauka ya hayo, mwenye magendo makubwa hujificha nyuma ya huyo huyo mama. Huligawa lori lake la sukari kuwa magunia ya baiskeli, akawabebesha vijana. Wakikamatwa, wanaopoteza mali na baiskeli ni wao, wala si yeye aliyelala kitandani mjini.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema kwamba sheria ni msumeno na kwamba kutoijua si udhuru. Kisheria wamesema kweli. Lakini kutoijua si udhuru pale tu ambapo mtu alikuwa na njia ya kuijua. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Viongozi wa Jumuiya, katika mkutano wao wa Februari 2021, waliafiki Kiswahili kiingie miongoni mwa lugha rasmi. Tanzania, mwaka huo huo wa 2021, ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Iweje basi tangazo la mpakani, linalosomwa na wachuuzi wa Kenya, Uganda na Tanzania, liandikwe kwa lugha ambayo wengi wao hawaimudu? Lugha iliyotupa maneno forodha, ushuru, shehena, stakabadhi na magendo haiwezi kushindwa kueleza kanuni za kuvusha gunia.

Ujinga huu una bei, na kuna watu wanaoila. Wa kwanza ni kuwadi wa mpakani anayejifanya wakala, akamtoza mchuuzi fedha kwa cheti ambacho angekipata mwenyewe. Wa pili ni yule afisa mbaya, kwa maana hawakosekani, anayetaja kiasi chochote kimjiacho kinywani kwa kujua kwamba anayelipa hawezi kukikagua. Vituo vya pamoja vilivyozinduliwa mwaka wa 2018 kule Busia na Namanga vimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili kupunguza usumbufu. Hilo ni jambo jema. Lakini jengo zuri halimfundishi mtu haki zake.

Na haki hizo zipo. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ushuru utakaotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiserikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya nayo, katika kifungu cha 229, humruhusu asiyeridhika kumwandikia Kamishna katika muda wa siku 30 ili uamuzi uangaliwe upya. Kila anayelipa anastahili stakabadhi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya dukani huthibitisha thamani, cheti huthibitisha asili, na stakabadhi ya serikali huthibitisha kwamba umelipa. Mwenye karatasi hizo tatu husimama mbele ya afisa bila kutetemeka.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Somo hili halihitaji mtaala mpya wala kitabu cha bei ghali. Mwalimu wa hisabati anayefundisha asilimia anaweza kuiacha ile mifano ya maembe na machungwa, akawapa wanafunzi hesabu ya redio kutoka Dubai. Mwalimu wa somo la jamii, anapotaja Jumuiya ya Afrika Mashariki, asiishie kwenye miaka na majina ya marais. Awaulize wanafunzi kwa nini maharagwe hupita na redio huzuiwa. Mwalimu wa Kiswahili naye awape kazi ya kulifasiri tangazo moja la forodha kwa lugha ambayo nyanya zao wataielewa. Kazi hiyo itawafunza tafsiri kuliko sentensi ishirini za kubuni, na shule zilizo karibu na mpaka zinaweza kuipeleka kazi hiyo sokoni ikabandikwa.

Nanyi wanafunzi, hasa mlio Busia, Malaba, Isebania, Namanga, Taveta na Lunga Lunga, ninyi ndio mnaotumwa na wazazi kuvuka na kurudi likizoni. Ulizeni kabla ya kununua, kwa kuwa viwango hubadilika kila bajeti inaposomwa. Tazameni kitu kimetengenezwa wapi. Tunzeni risiti. Tangazeni mlicho nacho, kwa maana sheria humpa anayetangaza nafasi ya kulipa, ilhali anayeficha huweza kupoteza mali pamoja na chombo kilichoibeba.

Kwa upande wa serikali, ninachodai ni kidogo. Kila dirisha la forodha katika mipaka yetu ya nchi kavu liwe na tangazo la Kiswahili linaloeleza maswali yale matatu, orodha ya bidhaa zisizotozwa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Gharama yake ni rangi na ubao. Raia akishaelezwa kwa lugha anayoielewa, kisha akachagua njia ya panya, hapo sheria na ichukue mkondo wake, wala mimi sitamtetea.